Unga Mweusi Ulipopelekwa Maabara

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mhindi wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi ni Mpare wa milimani. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu, na Kiswahili nikakiokota kanisani na gulioni. Yeye alizaliwa Tanga mjini, baba yake akiwa na duka la vyakula chini na wao wakilala ghorofani. Nikikosea neno ananikata papo hapo. "Shoga, haisemwi hivyo." Nimevuka bahari nije nirekebishwe Kiswahili na Mhindi mbele ya wajukuu zangu! Nilinyamaza, nikajifunza.

Tulijuana katika chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo letu pale Adelphi, Marekani. Mashine ilikuwa imegoma na nguo zangu ndani, na mimi naitolea maneno, nikijua hakuna anayenielewa. Sauti ikatoka nyuma yangu: "Usiitukane, mama. Ipige kofi la ubavuni, inasikia." Kugeuka, namwona mwanamke mfupi, sari ya kijani, na juu ya sari koti zito la kiume. Akaipiga kofi mwenyewe. Ikazunguka. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Mimi nilikuwa nimeletwa na binti yangu nimlelee watoto. Yeye ni muuguzi, anaingia kazini wenzake wakitoka. Jirani yangu alikuwa mjane. Mwanawe anakaa Woodbridge na mkewe, anakuja Jumapili na mifuko ya vitu ambavyo mama yake hakuviomba. Kwa hiyo mchana ulikuwa wetu. Watoto wakishaenda shule navuka korido, tunakunywa chai yake ya maziwa na tangawizi, tunasema watu.

Kwenye chai hiyo ndipo nilipouona mkono wake. Alikuwa anamimina, mdomo wa birika ukawa unagonga kikombe, na chai ikamwagika sahanini. Nikasema moyoni, uzee. Lakini mimi ni mkubwa kwake na wangu hautetemeki. Baadaye akawa ananiachia mimi nimimine, anajifanya amekumbuka kitu jikoni. Halafu likaja tumbo. Linamsokota, choo hapati, chakula hakitaki, anakaa amejikunja kama mtu aliyepigwa teke. Halafu zikaja hasira. Mtu aliyekuwa akitania mashine akaanza kunifokea kwa sababu nimelaza kijiko badala ya kukisimamisha kwenye glasi.

Nikamwambia, "Mama, wewe unaumwa."

"Naumwa, na dawa nakunywa. Kwani nimekuficha?"

Akaniletea hizo dawa nizione. Zilikuwa mbili. Ya kwanza vidonge vya kahawia, vya majani na mizizi, vya tumbo. Vilikuwa vigumu, jino haliviwezi, kwa hiyo alikuwa akivitwanga katika kinu kidogo cha shaba ya manjano, anakamulia ndimu humo humo, anasaga mpaka uji mzito, anakunywa. Ya pili ilikuwa unga mweusi, mweusi wa masizi, laini kupita poda ya mtoto. Huo hautwangwi. Anauchota kwa ncha ya kijiko, anauchanganya na asali kiganjani, analamba. Ni wa madini, alisema, wa kutia nguvu na kukaza mifupa.

"Nani kakupa?"

"Kaka yangu. Ni tabibu kule Gujarati. Hii ndiyo ayurveda, shoga, tiba yetu tangu mababu wa mababu. Anautengeneza kwa mkono wake."

Huyo kaka naye ni wa Tanga. Alipelekwa India bado kijana, akasomee uganga wa kwao kwa mjomba wao, akabaki huko huko. Kila akipata msafiri anamtumia dada yake kopo.

Mimi sikucheka. Nimekunywa mizizi tangu sijaota meno, mingine ikaniponya, mingine ikanitapisha tu. Ila napenda kujua. Nikamwuliza, "Unajuaje kama dawa hii ni nzuri?" Nilidhani atanijibu kwamba kaka yake kasema, basi. Badala yake akainuka akaleta bakuli la maji.

Akasubiri maji yatulie kabisa. Akanyunyizia unga kidogo juu. Ukaelea. Unga wa madini, kitu kizito kilichotoka ardhini, unaelea kama vumbi la barabarani. Akaniambia niweke punje ya mchele juu ya ule unga, taratibu, maana mkono wake usingeweza. Nikaiweka. Ikakaa.

"Ungezama, ungekuwa haujaiva," alisema.

Kisha akanipaka unga kwenye kidole gumba, akasugua. Ukaingia kwenye mistari ya kidole yote, hata nilipofuta ukabaki humo. "Usipojaza mistari, haujaiva." Kisha akanivuta mpaka dirishani penye jua. "Tafuta kinachometa." Nikatafuta na miwani yangu, nikainamisha kidole huku na huku. Hakuna. "Ukimeta hata kidogo, unarudishwa kwenye kinu cha jiwe. Kaka yangu anasaga mpaka mng'ao ufe."

Nilirudi kwangu na kidole cheusi na mawazo mengi. Nilikuwa nimewadhania kwamba wanakisia. Kumbe wana mitihani yao, na dawa hufeli.

Jioni nikamwonyesha binti yangu kile kidole, nikamweleza habari ya bakuli. Hakusubiri nimalize. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye sinki, akanisugua kwa sabuni kama mtoto aliyechezea tope.

"Mama, hujasikia? Kazini ndiyo habari. Hizi dawa za Kihindi zimepimwa, zimekutwa na sumu za madini, risasi na zebaki."

"Zote?"

"Si zote. Baadhi."

"Baadhi zipi?"

"Mama, sijui. Baadhi."

"Basi na wewe hujui."

"Najua kwamba jirani yako anatetemeka mkono na tumbo linamsokota, na hizo ndizo dalili zenyewe. Mwambie atupe vyote."

Mjukuu wangu mkubwa alikuwa anatusikiliza. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Akauliza kama yule bibi wa Kihindi atakufa. Kiingereza hicho nilikielewa chote.

Sikulala vizuri. Nimwambie mtu atupe dawa aliyotengenezewa na ndugu yake wa damu, kwa sababu ya neno "baadhi"? Au nimwache aendelee kulamba, kwa sababu ya maneno "si zote"? Niliona yote mawili ni ujinga. Ya kwake ndiyo ipimwe, nikasema. Si ya dukani, si ya mtu mwingine. Ya kwake.

Kanisani kwetu alikuwako Mkamba mmoja wa Machakos, anaimba besi, na kazi yake ilikuwa maabara huko Columbia, mahali wanapopima maji, udongo, unga wa watoto na vidonge vya vitamini. Nikamkamata baada ya ibada kabla hajafika kwenye chai, nikamweleza.

"Hiyo si ngumu, shosho," akasema.

"Mimi si shosho. Niite bibi."

"Sawa, shosho. Bosi wangu amenunua mashine mpya, na tunatafuta vitu vya kila aina tuijaribu navyo. Nitamwuliza. Lakini ujue kitu kimoja: mimi si daktari. Nitakuambia ni nini kiko ndani. Kitamfanyia nini huyo mama, hiyo si kazi yangu."

Bosi wake akakubali. Kazi ikabaki kwa jirani yangu.

"Dawa ya kaka yangu ikapimwe na Mkamba?"

"Na mashine."

"Mashine inajua nini habari ya ayurveda?"

"Haijui kitu. Ndiyo maana haitampendelea kaka yako wala binti yangu."

"Wewe mwenyewe uliona unga unaelea."

"Niliona, na punje niliiweka mimi. Sasa nataka kuuona na mtihani mwingine. Kama umeiva, unaogopa nini?"

Akanitazama kwa hasira ile mpya, ambayo haikuwa yake. Kisha ikampita. Akasema atakubali, lakini dawa iende kama inavyonywewa. "Mtu akitaka kujua ugali wako, unampelekea gunia la mahindi?" Nikaona ana haki. Akatwanga vile vidonge vya kahawia kwenye kinu chake, akakamulia ndimu, akasaga, akaanika ule uji kwenye sahani mpaka ukakauka, akaufunga. Unga mweusi akautia kwenye kichupa. Alivibeba mwenyewe, mapajani, njia nzima mpaka Columbia.

Kule walituvika miwani ya plastiki. Mimi niliivaa juu ya miwani yangu. Jirani yangu akasema nafanana na chura, na lilikuwa jambo la kwanza la kuchekesha kutoka kinywani mwake kwa muda mrefu.

Mizani yao inakaa ndani ya kisanduku cha kioo. Nikauliza kwa nini mizani ifungiwe. Mkamba akafungua kidirisha chake, akaniambia nipumue. Namba zikaanza kurukaruka. Pumzi yangu tu! Akafunga, zikatulia. Tangu hapo nilipita karibu nayo nimebana pumzi, ingawa alisema si lazima.

Akachota unga kiasi cha kuweza kukaa juu ya ukucha, akautia katika kikombe chenye kifuniko, akamiminia asidi. Vikombe hivyo vinaingia kwenye jiko dogo linalobana mvuke kama sufuria ya presha. Kinachotoka humo ni maji. Unga mweusi umekwenda wapi? Umekuwa maji meupe, ukiyatazama ungeosha nayo uso. Kisha mashine inayanywa yale maji kidogo kidogo kwa mrija mwembamba kama uzi, inayapuliza kwenye moto. Alitufungulia tuuchungulie kupitia kioo cheusi. Moto mdogo, mkali, kama ule wa fundi wa kuchomelea vyuma, ila hauyumbi wala haulii.

Niliona kikombe kimoja ambacho hakutia dawa yoyote. Asidi tupu.

"Na hiki?"

"Hicho, shosho, ni changu mimi. Kikionyesha risasi, basi uchafu ni wangu, si wenu."

Nilimpenda kwa neno hilo. Ni watu wangapi huanza kwa kujipima wenyewe?

Jirani yangu alikuwa amesimama pembeni, mikono ameificha ndani ya koti. Halafu akasema, "Kijana, kaka yangu alisaga huo unga mpaka ukawa kitu kingine. Wewe umeuvunja kwa asidi. Sasa ile dawa aliyoitengeneza iko wapi?"

"Haipo tena, mama. Nimeirudisha mpaka kwa vile vitu ilivyotokana navyo."

"Kwa hiyo hupimi chakula. Unapima kuni."

Mkamba akacheka, akakuna kichwa. "Hapo umenishika, mama. Mashine yangu inasema ni nini, na ni kiasi gani. Kimepikwa vipi, haijui."

Njiani kurudi alikuwa na raha, anajiona ameshinda. Mimi nilikuwa nafikiri. Ni kweli mashine haijui mapishi. Lakini tumbo la mtu je, tunajua lenyewe linavunja nini na linaacha nini?

Majibu Mkamba hakuyaleta kwa simu. Alikuja mwenyewe Jumamosi, akaketi kwenye kochi la jirani yangu, chai akaiacha ipoe, nikajua.

"Ule unga mweusi una zebaki," alisema. "Na si kidogo. Ni sehemu kubwa ya unga wenyewe. Na ile ya kahawia ina risasi."

Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavuta pumzi. Mkamba akaendelea, amekunja uso.

"Lakini hii ya kahawia inanisumbua. Imekuja na risasi, sawa. Imekuja pia na shaba na zinki, zote pamoja. Majani hayawezi kubeba hivyo. Mama, mlisagia ndani ya nini?"

"Kwenye kinu changu."

"Naweza kukiona?"

Akakileta. Kinu kizuri, kina mchi wake, kinang'aa, kimenakshiwa maua pembeni. Mkamba akakigeuza, akaingiza kidole ndani. Ndani palikuwa pamelika, na palikuwa peupe zaidi ya nje.

"Ulikitoa wapi?"

"Kwa Mzungu mmoja mtaa wa nyuma, alikuwa anauza vitu vyake nje anahama. Kilikuwa juu ya meza."

"Pamoja na nini?"

Akafikiri. "Pamoja na bata wa mbao. Na saa isiyotembea."

"Mama, hiki ni pambo."

"Pambo?"

"Cha kuweka sebuleni kitazamwe. Shaba hizi za mapambo hutiwa risasi ili zichongeke vizuri. Hazijatengenezwa zitiwe chakula. Na wewe unatilia ndimu! Ndimu inakikwangua."

Jirani yangu alimtazama, akanitazama mimi. "Shoga, umesikia? Kinu, na mchi wake, eti pambo!"

"Nimesikia," nikasema. "Na mimi ningekiona pale, ningekinunua nitwangie vitunguu saumu."

Ni kweli kabisa. Nani kwetu anaweka kinu kikae bure? Mzungu ana kinu asichotwangia na bata asiyetaga. Tulicheka mpaka binti yangu akakasirika. Mkamba akaomba vidonge vile vile vizima, ambavyo havijaingia kwenye kinu, akavipeleka. Juma lililofuata akasema ni visafi; majani na mizizi tu. Akasema pia kwamba tungempelekea vizima tangu mwanzo, angetuambia hakuna risasi, na jirani yangu angeendelea kujinywesha risasi kila asubuhi na karatasi ya maabara mkononi.

Kinu kikaondoka. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini unga mweusi ukabaki, na hapo cheko likaisha.

"Kaka yangu si mwuaji," alisema.

"Nani kasema mwuaji?"

"Binti yako anasema kwa macho."

Mwanawe wa Woodbridge alipopata habari akasema Jumapili atakuja amwage kopo lote chooni. Mama yake akamjibu kwamba akiligusa hatakula tena nyumbani kwake, hata sikukuu. Binti yangu akamwomba aende tu akatolewe damu ipimwe. Akakataa. Damu yake si unga wa kupelekwa huku na huku, alisema. Akaanza kutofungua mlango. Nabisha, nasikia anatembea ndani, hafungui. Siku moja nilisikia kitu kinavunjika jikoni kwake, kisha akilaani kwa Kigujarati, na mimi nimesimama korido na bakuli la uji wangu. Nilijua mkono umeangusha tena. Sasa sikuuona tena ule ubishi kuwa wa kuchekesha. Nilimwona mwenzangu anakwisha na mlango amefunga.

Nikabisha mpaka akafungua.

"Swali moja tu," nikamwambia. "Kaka yako anajua kwamba mkono unatetemeka?"

"Atajuaje? Yuko India."

"Hujamwambia."

"Nimwambie nini? Mzee, ana moyo mbovu. Nimwambie dawa yake inaniangusha?"

"Kwa hiyo tumemwuliza Mkamba, tumeuliza mashine, na mwenye dawa hatujamwuliza. Piga simu."

Kwetu ilikuwa asubuhi, kwake jioni. Akaweka simu mezani iwe inasikika kwetu wote. Wakasalimiana kwa lugha yao, kisha akasema niko hapo, na ile sauti ya mzee ikageuka Kiswahili cha Tanga kilichonyooka, kama jana tu alitoka mtaa wa Ngamiani.

"Shikamoo, mama. Habari za huko?"

"Marahaba. Huku kuna baridi. Kaka, dawa yako nyeusi tumeipima. Ina zebaki."

Akacheka. Mimi nilijiandaa kwa kila kitu, ila si kicheko.

"Nani amekuambia haina? Ni zebaki na kibiriti upele, kile cha manjano tulichokuwa tukipakwa utotoni. Ndiyo dawa yenyewe! Kumtuma mtu maabara kutafuta zebaki humo ni kumtuma baharini akatafute chumvi."

Nikamtazama jirani yangu. "Ulijua?"

"Nilijua," akasema polepole. "Kwetu si siri. Imeuawa kwa kusagwa, haina sumu tena."

Sisi tulikuwa tumehangaika mpaka Columbia kufumbua kitu ambacho mwenyewe hakukifumba. Nikasema, "Basi, kaka, hilo tumemaliza. Swali letu ni lingine. Dada yako mkono unatetemeka, hawezi kumimina chai. Ni dawa, au si dawa?"

Kicheko cha mzee kikakatika.

"Anatetemeka?"

Hapo wakarudi kwenye lugha yao. Sikuelewa maneno, ila sauti nilizielewa. Yeye anauliza, dada anajibu kwa kifupi. Anauliza tena, anajibu kwa kifupi zaidi. Halafu mzee akapiga kelele, tena kwa Kiswahili, nadhani makusudi ili nami nisikie.

"Mama, hebu mwulize, ameilamba tangu lini?"

Nikamwuliza. Akasema, "Tangu mume wangu alipokufa."

"Nilimwambia msimu mmoja!" mzee akasema. "Msimu mmoja wa baridi, basi! Dawa hii haiwi chakula!"

"Ulikuwa unatuma," dada akasema.

"Nilituma kwa sababu uliomba. Nilidhani unawagawia wengine."

"Nani nimgawie hapa?"

Dada akavuta kiti karibu na meza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiitazama simu kama vile uso wake umo humo: "Ningesema sihitaji, ungeacha kutuma. Kopo linakuja limefungwa na mkono wako."

Mimi nilitazama pembeni. Mambo ya ndugu na ndugu.

Mzee akaongea na mimi, si na dada yake. Alisema dawa ya namna hiyo mtu hupewa akiwa mbele yako. Unamshika mshipa wa mkono, unamtazama ulimi, siku ukiona dalili unamwachisha. "Mjomba alitufundisha hivyo. Mimi dada yangu sijamshika mkono tangu tulipokuwa na nywele nyeusi. Nimemtibu kwa kubahatisha, kopo baada ya kopo." Kisha akamwita dada yake jina la utotoni, silisemi hapa, akamwambia: "Acha leo. Lililobaki usilimwage majini, mpe yule kijana wa maabara, atajua pa kulitupa. Kisha nenda ukatolewe damu, unipigie."

"Na kama damu ni safi?"

"Ikiwa safi, tutatafuta ugonjwa mwingine. Ikiwa chafu, utakuwa umeacha tayari."

Nilimheshimu yule mzee. Hakusema mashine imekosea, wala hakusema yeye amekosea. Aliuliza habari za mgonjwa.

Damu haikuwa safi. Risasi imo, zebaki imo, na daktari akasema mambo mengi ambayo binti yangu alinitafsiria yakiwa yamepunguzwa ukali. Alimpa vidonge vya kuitoa risasi, akamwambia ya zebaki itapungua pole pole mradi haongezi. Tukawa tunarudi kila baada ya muda akatolewe tena, mimi na yeye kwenye kiti cha nyuma, binti yangu akiendesha ametoka kazini hajalala. Kila mara namba zinashuka. Tumbo lililegea kwanza. Hasira zikafuata, ingawa kwa Kiswahili changu hakunihurumia. Mkono ulirudi kidogo kidogo, na kuna siku ulirudi na siku haukurudi.

Mara ya mwisho niliyoenda naye nilikuwa na swali langu. Nilimtaka binti yangu amwulize daktari: ni ipi iliyomtetemesha mkono, na ipi iliyomsokota tumbo? Kinu au unga? Maana viliingia pamoja, na vikaachwa karibu pamoja. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kukimbilia, akasema tumbo huenda ni risasi, mkono huenda ni zebaki, lakini mwilini havikai kila kimoja kwenye chumba chake. Nikasema mwambie "huenda" siitaki. Nikataka kujua, kama angelamba ule unga msimu mmoja tu, kama alivyoagizwa, na kinu hakipo, ingekuwaje? Ungemdhuru, au ungemsaidia? Daktari akainua mabega, akasema hajui, na kwamba yeye asingemshauri mtu ajaribu.

Nilikuwa bado na swali jingine, na binti yangu anapiga miayo, na daktari ana mgonjwa mwingine mlangoni. Jirani yangu alikuwa ameshashuka kitandani na kuvaa koti lake la kiume. Akanivuta mkono.

"Shoga, yatosha. Twende," akasema. "Nina njaa."

Binti yangu akageuka akamtazama. Hata mimi. Ilikuwa muda mrefu hatujamsikia akisema hivyo.